Mirija ya Halimati

Watu wa Andoany, mji wetu kisiwani Nosy Be, wakisimulia habari hii huanza na jino la Boinali. Mimi naanza na mirija, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na lilianza kabla ya jino.

Mjukuu wangu Halimati ana mkahawa chini ya nyumba yetu, nyuma ya soko. Nyumba aliijenga marehemu mume wangu, Abdérémane, akaiandika kwa jina la binti yetu, kwa sababu kwetu Wangazidja nyumba ni ya mwanamke. Binti yetu alipofariki ikawa ya Halimati. Juu tunalala, chini anapika: wali wa nazi, kisamvu, samaki, supu, na juisi za stafeli, ukwaju na ubuyu unaoletwa kwa magunia kutoka Mahajanga. Juisi yake ya stafeli ni nzito. Bila mrija inabaki mdomoni na kwenye masharubu, na wanaume hawapendi kuchekwa.

Mwaka 2019, nyumba moja ya wageni ya kisiwani Sakatia ilikuwa ikileta watu wake kwetu mara mbili kwa wiki, siku walizokuja kutembea sokoni. Ndio walioushikilia mkahawa wakati wa miezi mikavu ya biashara. Siku moja Fazul, nahodha wa boti yao, alimwambia Halimati kwamba kuanzia tarehe mosi wageni hawatakaa mahali penye mirija ya plastiki. Wazamiaji wao walikuwa wamechoka kuichomoa kwenye matumbawe. Fazul alisema hayo akiwa amevua kofia, kama mtu aliyeleta habari ya msiba, nami nikampenda kwa hilo.

Halimati hakubishana. Aliifunga mirija yote ya plastiki kwenye mfuko, akaagiza ya karatasi kutoka Antananarivo.

Ile mirija ilikuwa aibu. Ukiitia kwenye stafeli, kabla hujamaliza salamu imelegea kama tambi. Wateja wetu wa mjini walikasirika, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Walisema Halimati anawabembeleza wazungu na kuwatesa wenyeji. Mmoja aliutupa mrija chini akaukanyaga. Boinali, seremala mstaafu na mzee wa kamati ya msikiti, aliyekuwa akila kwetu kila siku kwa miaka mitatu, alitema kipande cha karatasi kwenye kiganja chake akamwonyesha.

"Nimekuja kunywa, binti," akasema. "Sikuja kutafuna daftari."

Ng'ambo ya barabara yuko Rahamatou. Alipika kwa Halimati miaka minne, kisha wakagombana, kila mmoja akidai kwamba achari ya maembe ni yake, na Rahamatou akaenda kufungua mkahawa wake mbele ya macho yetu. Tangu hapo hawasalimiani. Juma lile Rahamatou aliweka bilauri ya mirija ya plastiki kwenye kila meza, myekundu na ya kijani, akasimama mlangoni kuwaambia wapita njia kwamba kwake watu hawanyweshwi magazeti. Ni mwanamke mwenye ulimi. Lakini nilipopasuliwa jicho ni yeye aliyeniletea uji siku nne mfululizo, akauacha kizingitini bila kugonga mlango, ili asilazimike kusema na mjukuu wangu.

Nilipomwona Halimati anazidi kukonda, nikamwambia tutaitengeneza wenyewe.

Mimi nimezaliwa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina. Baba yangu alikuwa na duka la viungo, na kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kukunja karatasi za pilipili manga na karanga. Karatasi naijua. Nilimfundisha Halimati kukata vipande virefu, upana wa vidole viwili, kuvipaka gundi ya unga wa muhogo, na kuvizungusha kwa mshazari juu ya spoki ya baiskeli, tabaka mbili ndani na moja nyeupe nje. Ukikauka unauchomoa, unaupitisha kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa, unauanika. Mrija wa namna hiyo unakaa kwenye stafeli saa nzima bila kulegea. Adui yake ni moto tu, kwa sababu nta huyeyuka. Hilo nililijua, na sikumwambia mtu, kwa maana nani anakunywa kitu cha moto kwa mrija?

Shida ilikuwa karatasi ya ndani. Karatasi za siku hizi ni nyepesi, zinachanika zikiloa gundi. Nikakumbuka kasha la Abdérémane.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara kama baba yake, na kama baba yake aliandika barua za biashara kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili cha zamani ambacho leo mjini petu kimebaki kwenye dua na majina ya tanga za vyombo tu. Sisi nyumbani tunasema Kingazidja, na barabarani Kimalagasi. Alipofariki nililifungia kasha lile, na halikunisumbua. Sasa nikalifungua. Karatasi zilikuwa nene, ngumu kama ngozi. Mimi nilisoma chuo cha Kurani utotoni. Herufi nazijua, nazisoma polepole kwa jicho moja. Nilichukua kila karatasi nikaisoma. Magunia ya mpunga. Ngozi za ng'ombe. Chumvi iliyochelewa. Hakuna aya, hakuna jina la Mungu ila lile la mwanzo wa barua, na hilo nililikata kwa mkasi kwenye kila karatasi nikaliweka kando kwa adabu. Zilizobaki nikampa Halimati.

Kwa wiki tatu mambo yalitulia. Watu wa Sakatia waliusifu mrija ule wakapiga picha. Wenyeji walinung'unika kwa mazoea tu. Rahamatou alikuja hadi katikati ya barabara kuangalia, akarudi.

Kisha Boinali aling'olewa jino.

Alikuja adhuhuri, shavu limevimba kama amebeba limau ndani. Hakuweza kufungua kinywa, akaomba supu ya samaki na mrija. Halimati mwenyewe alimpelekea, akampozea kidogo kwa kupuliza, jambo ambalo baadaye lilisemwa vibaya. Mimi nilikuwa nimekaa mlango wa jikoni nachambua mchele. Nilimwona Boinali akivuta mara mbili, mara tatu, halafu akauchomoa mrija kwenye bakuli akautazama. Nta ilikuwa imeyeyuka. Karatasi nyeupe ilikuwa imejifungua kama ngozi ya kitunguu, na ndani yake zikaonekana herufi, na wino ulikuwa ukichuruzika kwenye supu.

Kwetu, mtu akiumwa huandikiwa aya kwa wino wa zafarani, kwenye sahani au kwenye karatasi. Maandishi huoshwa kwa maji, na maji yale hunywewa. Hilo ni kombe. Mgonjwa huliomba mwenyewe, kwa mwalimu anayemwamini. Lakini wapo watu wanaoandika mengine, na kuwanywesha wenzao bila wao kujua, ili kuwafunga: mume asitoke, mteja asihame. Hakuna mtu wetu atakayeona herufi za Kiarabu zinayeyuka kwenye bakuli lake akafikiri ni barua ya mpunga.

Boinali alisimama.

"Halimati," akasema, akishika shavu, "umeninywesha nini?"

Halimati alisema ni karatasi ya zamani tu, karatasi ya babu yake. Lilikuwa jibu baya kuliko yote. Mmoja akauchana mrija wake, akaona herufi. Mwingine akauchana wake. Viti vikasukumwa. Mzee mmoja alikwenda kujitapisha pembeni ya ukuta, kwa kidole, mbele ya watu. Boinali aliufunga mrija wake kwenye kitambaa akautia mfukoni, na wakati anatoka Rahamatou alikuwa amekwisha simama mlangoni kwake, ng'ambo.

"Kumbe," Rahamatou akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. "Mimi nilikuwa najiuliza samaki wake ana nini ambacho wangu hana."

Kabla ya alasiri alikuja Ansoifa, mke wa Boinali, mwanamke mnene wa sauti nyembamba. Hakuingia. Alisimama nje akawaambia waliokusanyika kwamba kwa miaka mitatu yeye anapika na mumewe hali nyumbani. Alidhani ni ulafi, akamwachia Mungu. Leo ameelewa kwamba mtu wake alifungwa kwa kamba. Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Alimwita Halimati jina ambalo sitaliandika, na Halimati, ambaye si mtu wa kumeza, akamjibu kwamba anayetaka mumewe ale nyumbani ajifunze kupika. Nilitamani ningemziba mdomo.

Siku iliyofuata hakuja mtu. Wala ya pili. Sokoni wanawake waliokuwa wakimkumbatia Halimati waligeuza nyuso. Muuza samaki wetu alimwekea samaki kwenye kapu akalisukuma kapu kwa mguu, ili mikono yao isigusane. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuta mlangoni pamening'inizwa mafungu ya mirija ya plastiki, imefungwa kwa uzi mweusi. Halimati aliishusha, akaukata uzi, akaisimamisha yote kwenye ndoo ya taka. Fazul peke yake alifika. Alisema amewaambia wageni wake kwamba kwetu kuna msiba, wasubiri wiki moja. Sikumwomba aseme uongo ule. Aliuleta kama mtu anavyoleta ndizi.

Jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa hili tu: je, watu watakula tena kutoka mkono wa Halimati, au hawatakula. Mpishi aliyesemwa kwamba anatia vitu kwenye chakula hana mahali pa kuhamia katika kisiwa hiki. Ataambiwa hivyo Ambatoloaka, ataambiwa hivyo Dzamandzar, na akivuka kwenda Mahajanga habari itakuwa imemtangulia.

Kamati ya msikiti ikatuma ujumbe kwamba Jumatatu baada ya alasiri mwalimu Elamine atakuja kuisoma mirija. Nilifurahi. Nilimwambia Halimati hilo ndilo tulilohitaji: msomaji. Atasoma mpunga na chumvi, na mambo yatakwisha.

Siku ya Jumapili, kwa kuwa sikuwa na kazi, nilichukua mrija mmoja kwenye boksi nikautia kwenye maji ya moto, niukunjue uwe tayari kwa mwalimu. Nilivaa miwani. Upande mmoja ulikuwa wa barua, kama nilivyojua. Kipande kilijigeuza ndani ya maji, nikaona upande wa pili.

Ulikuwa umeandikwa kwa penseli, herufi ndogo sana, zilizofifia rangi ya majivu. Ndiyo maana jicho langu halikuziona. Na kusema kweli sikugeuza. Nilikuwa na karatasi nyingi na haraka nyingi. Nilisoma jina la mwanamke, na jina la baba yake. Chini yake jina la mwanamume. Chini yake tena jina. Nilikunjua mrija wa pili na wa tatu. Majina, majina.

Sisi tulitoka Mahajanga mwanzoni mwa 1977, baada ya zile siku za Desemba ambazo watu wetu, Wangazidja, waliuawa. Tulikaa siku tatu chini ya kitanda cha jirani yetu, mama wa Kitsimihety, Mmalagasi, ambaye hakuwahi hata kutupenda sana. Alitupikia wali bila pilipili kwa ajili ya mtoto, akawaambia waliomgongea kwamba nyumbani kwake hakuna ila mbuzi. Tulipofika hapa Nosy Be, Abdérémane alikuwa akishuka bandarini kila boti inapofika kutoka kule, kuuliza nani amekufa. Na kila Ijumaa, maisha yake yote, aliwasomea Fatiha, akiwataja mmoja mmoja, mlango umefungwa. Nilidhani aliwajua kwa moyo. Kumbe aliwaandika. Hakuwa na karatasi nyingine siku zile ila zile alizokimbia nazo, basi aliwaandika mgongoni mwa barua za mpunga, nami nimewakata kwa mkasi, upana wa vidole viwili.

Halimati alinikuta hapo, vipande vimetandazwa mapajani. Nilimwambia. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Koko," akasema, neno letu la bibi, "ulisema umezisoma."

"Nilisoma upande mmoja."

"Kwa nini hukugeuza?"

Alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta. Kisha akaniambia nisiseme kitu. Mwalimu ataletewa mirija iliyokwisha kunjuliwa na kukaushwa, imebandikwa kwenye kadibodi, upande wa barua juu. Atasoma mpunga. Watu wataona haya. Baadaye tutayazika majina sisi wenyewe, kwa heshima yote. Alisema hivi akinishika mkono, na nilimwelewa. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na hicho ndicho alichokuwa nacho duniani. Nikamwambia sawa.

Jumatatu walikuja watu wengi kuliko tulivyotarajia. Wazee wa kamati walikaa kwenye viti vya mkahawa, wengine walisimama barabarani. Rahamatou aliegemea mlango, Ansoifa nyuma yake. Boinali aliuweka mrija wake mezani, ndani ya kitambaa, kama mtu anayeweka jembe la mwizi. Shavu lilikuwa limepungua, hasira haikupungua. Alisema yeye ni mzee wa msikiti, hakuzoea kulishwa kama punda anayefunzwa njia, na kama mwalimu atakuta neno moja la uchawi, mlango huu utafungwa.

Mwalimu Elamine ni kijana, mpole, amefundisha watoto Mahajanga kabla ya kuja kwetu. Alipokea kadibodi kutoka kwa Halimati akasoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kimalagasi. Magunia sita ya mpunga, mawili yameloa. Salamu kwa wote walioko. Ngozi zimefika lakini nne zina matundu. Akachukua mrija wa Boinali, akaufungua kwa kucha. Chumvi ya mwezi uliopita bado haijaonekana.

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko.

"Umefungwa kwa chumvi, Boinali," akasema mzee mmoja. "Tena haijafika."

Nilimwona Rahamatou uso ukimshuka. Nilimwona Ansoifa anatafuta pa kuweka mikono. Halimati alikuwa amenyooka kama mwenge. Tulikuwa tumeshinda. Mwalimu alikuwa anaiweka kadibodi chini, na wazee walianza kutafuta viatu vyao.

Nikawatazama waliokuwa mlangoni. Wengi wao ni watoto wa watu waliokuja na boti zile zile. Nikafikiri: mara ya kwanza nilisoma upande mmoja kwa kutojua. Mara ya pili nitasema nini?

Nikamwambia mwalimu ageuze.

Halimati akaniita, "Koko," kwa sauti ya chini, mara moja tu. Mwalimu akabandua kipande, akakisogeza kwenye mwanga. Alisoma kimya kwanza, kisha akasoma kwa sauti. Hayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Alisoma majina manne. La tano lilikuwa Soulé bin Ahamada, na baada yake Abdérémane alikuwa ameandika: miaka kumi na tisa, Ampisikina.

Boinali hakusogea. Soulé alikuwa kaka yake.

Nikaeleza yote. Nilisema ni mimi niliyelifungua kasha, mimi niliyekata, mimi ambaye sikugeuza, na kwamba Halimati alipewa karatasi na bibi yake akaziamini.

"Nimekunywa hapa wiki tatu," Boinali akasema. Alikuwa ananitazama mimi tu. "Kila siku. Mlikuwa mnaninywesha nani?"

Hakuna aliyecheka. Nilisema sijui.

"Wengine wako wapi?"

Nikamwambia wengine wametupwa na taka. Akashika ukingo wa meza. Nilidhani ataipindua. Alisema heri tungekuwa wachawi, maana mchawi anajua anachokifanya. Watu barabarani wakaanza kupaza sauti. Mtu akataka nyumba ifungwe leo hii. Ansoifa alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Halimati aliniangalia kama mtu anavyomwangalia aliyefungua mlango wakati mwizi alikuwa amekwisha kuondoka.

Nikasubiri wachoke kidogo. Kisha nikasema tena. Nilisema watu hawa waliokatwa kwa mkasi wangu walizikwa bila sisi kuwepo, wengine hatujui walizikwa wapi, na kila familia ilipofika huku ilisoma hitima yake peke yake, kwa hofu, au haikusoma. Hawajawahi kusomewa pamoja kwa majina yao. Tutaikunjua mirija yote iliyobaki. Mwalimu atayanakili majina. Vipande vitazikwa makaburini. Na Alhamisi hitima itasomwa hapa, katika nyumba ya Abdérémane aliyewaandika, na chakula cha hitima kitapikwa hapa.

Rahamatou ndiye aliyeelewa kwanza, kwa kuwa ni mpishi.

"Ajuza huyu ametufunga," akasema. "Na hakutumia wino."

Maana chakula cha hitima mwenye maiti hakikatai. Ukikikataa umemkataa maiti wako. Na chakula kilichopikwa katika nyumba ile kingepikwa na nani?

Boinali akanisogelea karibu sana. "Bi Echata. Unataka tule kwa mkono wa mjukuu wako, juu ya migongo ya watu wetu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nataka mle. Na nataka wasomewe. Nayataka yote mawili, sitakudanganya."

Alitoka bila kuaga. Lakini hakusema hapana, na mwalimu Elamine alikwisha anza kuomba kalamu.

Tulikunjua mirija siku mbili, Jumanne na Jumatano. Halimati alinisaidia bila kunisemesha. Alikuwa akiniwekea chai mkono wa kulia, upande wa jicho langu zima, nisiipindue, na akiniwekea haniangalii. Maji yalikuwa yanapoa upesi na nta ilikuwa inaganda vidoleni. Jumanne adhuhuri Rahamatou alivuka barabara na birika kubwa la maji yanayochemka. Akalitua, akakaa mkekani, akaanza kukunjua. Halimati akamwambia hakumwita. Rahamatou akasema hakuja kwa ajili yake, shangazi zake wawili huenda wamo, na kama Halimati angekuwa na birika la maana asingehitaji kuwa hapa. Wakaendelea hivyo mchana kutwa, wakirushiana maneno juu ya vichwa vyetu, na maji ya moto hayakukatika.

Vipande vilikuwa vimekatwa kwa mshazari, kwa hiyo majina mengi yalikuwa nusu. Mwalimu alikuwa akisoma nusu anayoiona, na wazee wa kike waliokuja kuchungulia walikuwa wakitafuta nusu nyingine vichwani mwao, wakibishana na kusutana. Ansoifa alitupatia sita. Kila alipotoa jina alinikumbusha kwamba nimelikata mimi.

Hatukuwapata wote. Hilo nitakwenda nalo.

Jumatano jioni wanaume walizika boksi la vipande makaburini, na Alhamisi Halimati alipika tangu alfajiri. Sikuwahi kumwona anapika kwa woga. Alionja kila kitu mara mbili mbele ya mlango wazi, ili anayepita aone kwamba anaonja. Walikuja wote. Walikuja na nyuso zilizofungwa, wakakaa bila kutuangalia, na hitima ikasomwa, na majina yakasomwa, na ilichukua muda mrefu. Kisha sinia zikaletwa.

Kulikuwa na kitambo ambapo hakuna mkono uliotoka. Sinia zilikuwa zinatoa mvuke, na watu walikuwa wanamtazama Boinali, na Boinali alikuwa anatazama wali. Halimati alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ndani ya kanga. Boinali akasema bismillahi kwa sauti ya ugomvi, akatia mkono. Alikula kama mtu anayetimiza hukumu. Wengine wakafuata. Sikusikia mtu akisifu chakula, na sikuona sinia iliyorudi na kitu.

Wakati wa kunawa, Boinali alimwambia Halimati kwamba amekula kwa ajili ya Soulé, asidhani vingine. Kesho asimtarajie. Halimati akamwambia hamtarajii mtu.

Kesho yake hakuja kweli. Walikuja wawili watatu, wakakaa karibu na mlango. Jumamosi Fazul alileta wageni wake, na Halimati akawaambia, kwa Kifaransa chake cha shule, kwamba mirija hakuna tena, ya plastiki wala ya karatasi. Anayetaka stafeli anywe kwa kijiko. Wakanywa kwa kijiko. Walipokuwa wangali wamekaa, Boinali aliingia, akaenda kwenye meza yake, akaikuta ina wazungu wawili, akawasimamia hadi wakahama.

Halimati alimpelekea glasi ya stafeli mwenyewe. Niliiacha chelewa yangu ya kufagia nikasimama.

Boinali aliiinua glasi kwenye mwanga, akaizungusha.

"Humu kuna nani?" akauliza, na watu wa meza zote wakasikia.

"Stafeli, Mzee Boinali," Halimati akasema. "Na sukari."

Boinali alikisukuma kijiko pembeni, akainywa kwa ukingo wa glasi hadi chini, masharubu yakawa meupe, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Akaitua glasi kwa kishindo. Hakushukuru, wala hakusema amesamehe, na hadi leo hajasema. Halimati alikuwa amekwisha kwenda jikoni kumpakulia wali.